Majani ya miembe, moshi na gauni la bi harusi



Leo hatuleti mishono. Tunataka kuzungumza majani. Ndiyo, majani ya miti, yale yanayoanguka uani na kukumalizia asubuhi yako. Mtuvumilie, kwa sababu mbele habari inafika kwenye gauni la bi harusi, na mwenyewe ameturidhia tuieleze maadamu hatumtaji jina.

Kwa wasiotujua, sisi ni wawili, mtu na wifi yake, wazaliwa wa Unguja, mafundi cherehani wote. Riziki ilimleta kaka Mpanda, mkoa wa Katavi. Mke akamfuata, na dada mtu naye akafuata, maana vyerehani viwili vinakwenda mbali kuliko kimoja. Boti hadi Dar es Salaam, treni hadi Tabora, kisha treni inayopita Kaliua na kuishia Mpanda. Mwaka huu tumetimiza miaka sita, na tunashona magauni ya harusi, mabuibui na sare za skuli katika fremu yetu Makanyagio. Nyuma ya fremu kuna uwa, na katika uwa huo kuna miembe mitatu na mjohoro mmoja.

Visiwani majani huanguka kidogo kidogo mwaka mzima. Ukiuondoa mkungu, ambao ukiamua kuvua nguo huvua zote, hakuna mti unaokushughulisha. Tuna mvua mbili, masika na vuli, na miti inakunywa. Huku mvua ni moja tu, inaingia mwezi wa Novemba na kuondoka Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu mpaka Oktoba. Mti wa porini hauna pa kupata maji, basi unaangusha majani yake ili usikauke. Ukipanda treni mwezi wa Agosti, msitu wote baina ya Tabora na Mpanda unauona mifupa. Halafu, subhanallah, Septemba na Oktoba, kabla hata tone moja la mvua halijadondoka, ile ile mifupa inachipua majani mekundu kama shaba. Mara ya kwanza tulidhani msitu unaungua.

Mwembe haujivui wote namna hiyo, lakini kiangazi huangusha mzigo wa haja, na jani lake ni gumu kama ngozi. Na mji huu ni wa miembe. Kila nyumba ina kivuli, na kila kivuli kina gharama yake. Baada ya Alfajiri tu, kuanzia Julai, unasikia fagio mtaa mzima, shwa, shwa, shwa. Mafagio ya chelewa tuliyokuja nayo kutoka kwetu yalikwisha msimu wa kwanza, siku hizi tunatumia fagio la vijiti kama wenzetu. Fagio zikinyamaza, unaona moshi. Kila mlango una biwi lake na kila biwi lina kiberiti chake.

Nasi tulichoma. Tusije tukajifanya wema. Tena tulichoma vibaya kuliko majirani, kwa sababu majirani walichoma majani, sisi tulichanganya na mabaki ya vitambaa. Fundi yeyote anajua gauni moja la harusi linaacha nini sakafuni: vipande vya neti, satini, lasi, nyuzi, vilivyokatika vibaya. Gunia zima kwa wiki. Tukaona njia rahisi ni kuvimwaga juu ya majani.

Alhamisi moja ya mwezi wa Septemba, miaka mitatu nyuma, tulikuwa na gauni la bi harusi wa Kashaulili. Ndoa ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Gauni jeupe, mkia mrefu wa neti, mikono ya lasi, kazi ya wiki tatu. Tulilipiga pasi tukalitundika uani chini ya mwembe lipoe lipate upepo. Mmoja wetu akaingia ndani kuswali Adhuhuri. Mwengine, kwa haraka ya kutaka uwa uwe safi bi harusi akija, akatia moto biwi la asubuhi. Upepo ulikuwa unaelekea barabarani. Dakika kumi baadaye ukageuka.

Neti ya nailoni haiwaki kama karatasi. Cheche ikigusa, inayeyuka na kuacha tundu dogo lenye ukingo mgumu mweusi. Tulihesabu matundu kumi na moja kwenye mkia. Haya tungeyaweza. Kilichotumaliza nguvu ni harufu. Satini yetu wenyewe iliyoungua katika lile biwi ilikuwa imeingia ndani ya bitana ya gauni. Na bi harusi huyu alikuwa na pumu, mama yake alikwisha kutuambia siku ya vipimo tusimpulizie marashi makali.

Hapo ndipo tulipogombana, na tunalisema ili mjue sisi si malaika. Mmoja alitaka tushone maua ya lasi juu ya matundu, tulifukize gauni udi, tunyamaze. Mwenzake akasema nguo ya watu ni amana, na kifua cha mtu ni amana kubwa zaidi. Tulikaa robo saa bila ya kusemeshana, gauni likiwa katikati yetu mezani. Kisha tukapiga simu.

Mama yake alikuja amevaa hasira, na alikuwa na haki. Bi harusi mwenyewe alilikaribia gauni, akarudi nyuma hatua mbili akaanza kukohoa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mnaweza au hamuwezi? Nijue sasa hivi." Tukasema tunaweza.

Tuliifumua bitana yote. Gauni tulilifua mara tatu kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, tukalikausha kwa feni mbili na pasi ya moto mdogo. (Shoga, likikupata hili, usikimbilie udi. Udi haufuti moshi, unaukalia juu tu, na kesho yake vyote viwili vinanuka. Toa bitana, ndiyo inayoshika.) Tulikata bitana mpya ya pamba, tukashona usiku kucha, maua ya lasi yakafunika matundu. Adhana ya Alfajiri ilitukuta tunafunga kifungo cha mwisho. Tulirudisha nusu ya fedha ya ushoni. Alivaa, aliolewa, hakukohoa. Sisi tulilala hadi Alasiri, na tulipoamka majani mengine yalikuwa yameshaanguka uani.

Basi tutayapeleka wapi?

Tulianza na vijana wa mkokoteni. Mpangilio wa taka mjini ni huu: nyumba inakusanya, mkokoteni unachukua kwa malipo mpaka ghuba la taka, gari linatoa ghubani kupeleka dampo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia serikali za mitaa kazi ya taka ngumu, na usafi wa pamoja wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaujua sote. Tulipanga viroba kumi na nne vya majani mlangoni. Kijana mkubwa akakinyanyua kimoja kwa kidole, akacheka. "Mama, mnatulipa tubebe upepo." Ana haki. Majani yanajaza mkokoteni kabla hayajawa na uzito, na ghuba likijaa majani, maganda ya muhogo na nepi za watoto za mtaa mzima zinakosa nafasi. Na yakifika dampo yamechanganyika na plastiki, siku yakishika moto yanafuka kwa siku nyingi. Tungekuwa tumeuhamisha moshi wetu tukampelekea mtu mwengine.

Mdogo wetu aliyeolewa Toronto, Kanada, alituonyesha kwa video jinsi wao wanavyofanya. Kule miti inajivua yote Oktoba na Novemba. Watu wanayatia majani katika mifuko mikubwa ya karatasi, plastiki hairuhusiwi, wanaiweka ukingoni mwa barabara, na gari la mji linapita kuyachukua mbali na taka nyengine yakafanywe mboji. Tulifurahi kumuona akifagia amevaa glavu na koti kama la mwanaanga. Lakini hatukuwa na mifuko ya karatasi, na gari la namna hiyo hatuna. Tulichokuwa nacho ni uwa.

Ndipo tukamkumbuka bibi yetu wa shamba, Allah amrehemu. Sisi hatukuwahi kumuona akichoma jani. Alifagia kila alfajiri na kila kitu kilikwenda kwenye shimo nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Tulidhani ni jaa. Kumbe ndiyo iliyokuwa siri ya ndizi zake.

Tukachimba shimo, mbali na ukuta kwa kuogopa nyoka na nge, tukamwaga majani, tukafukia, tukasubiri. Miezi minne baadaye tukafukua. Majani yalikuwa yale yale, kama yamewekwa jana. Wifi akasema labda jani la bara haliozi.

Linaoza, ila halilazimishwi. Jani kavu ni chakula kikavu, linahitaji kitoweo na maji. Mama mmoja wa Kisukuma anayetuletea maziwa ndiye aliyetufungua macho. Aliangalia shimo letu akauliza, "Samadi iko wapi?" Kwao ng'ombe si haba, akawa anatuletea kiroba cha samadi pamoja na maziwa. Tunafanya hivi: majani tunayakanyaga kwanza yavunjike, tunatandaza tabaka la kiasi cha magoti, juu yake samadi, maganda ya jikoni na majani mabichi, kisha maji, kisha tabaka jengine. Kila baada ya wiki mbili tunageuza kwa jembe. Ukitia mkono ndani siku chache baada ya kugeuza, unakuta joto kama la chungu kilichoepuliwa. Hapo ujue kazi inakwenda.

Maji ya kiangazi Mpanda si ya kumwaga ovyo, na hapo tulikwama kidogo. Suluhisho tulikuwa tunalikanyaga mara tano kwa siku. Tuliweka beseni pana pale tunapotilia udhu, sisi na wateja wanaoswali dukani, na maji yake yote yanakwenda kwenye majani. Hayana sabuni, hayana mafuta. Watoto wetu ndio wanaopokezana kuyabeba, na wanagombana zamu.

Kwa mwembe inachukua miezi minne hadi mitano. Mjohoro una vijani vidogo, unaoza upesi. Unachopata ni udongo mweusi, mwepesi, unaonuka kama ardhi baada ya mvua.

Mabaki ya vitambaa nayo tumeyatafutia njia. Fundi una jaribio lako: choma uzi mmoja. Ukiacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kufanya shanga ngumu, ni nailoni au polista. Pamba tupu iliyokatwa vipande vidogo inakwenda kwenye mboji. Vyengine tunajazia mito, na vijipande vya neti visivyofaa kwa chochote vinaingia katika kiroba kimoja kwa mwezi, cha vijana wa mkokoteni. Siku hizi hawatucheki.

Mboji yenyewe tulianza kuitia kwenye mchicha. Lakini mnatujua, Mzanzibari hatulii kwa mchicha. Miaka yote hii bi harusi akitaka kikuba tulikuwa hatuna cha kumpa. Tulikuwa tumejaribu mrehani katika udongo wa uani, ukawa unachomoza na kunyauka. Tukaupanda upya katika mboji ya majani, ndani ya ndoo zilizotoboka. Umefanya kichaka. Mwaka jana tukapanda na asumini, mche uliosafiri kutoka Unguja ukiwa umefungwa kitambaa kibichi. Mwezi uliopita umetoa maua saba. Yalikuwa machache kwa kikuba, basi tulimpelekea yule yule bi harusi wetu wa Kashaulili, siku ya arobaini ya mtoto wake wa pili. Aliyanusa kwa muda mrefu, bila ya kukohoa.

Mtaa haujaacha kuchoma. Bibi wa nyumba ya pili anasema moshi unafukuza mbu na nyoka, na kwamba amechoma majani tangu Mpanda ikiwa Rukwa bado, kabla mkoa wa Katavi haujaundwa mwaka 2012, kwa hiyo wageni wa juzi tusimfundishe. Tunamwamkia shikamoo, tunampelekea mchicha, hatubishani naye. Ila tangu asikie habari ya lile gauni, kabla hajatia kiberiti anamtuma mjukuu wake mlangoni kwetu. Mtoto anasimama hapo, mikono nyuma, anasema, "Bibi anauliza, leo kuna nguo nje?"