Vanila, Mlangilangi na Mchele wa Komoro

Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, lakini ardhi yake nzuri ilikuwa imeshikwa zamani. Mwaka 1885 Mfaransa Léon Humblot alipewa na Sultani Said Ali ruhusa ya kuchukua ardhi kisiwani Ngazidja apendavyo. Kisiwani Ndzuwani, kampuni ya Bambao ikatwaa mabonde. Wanavijiji wakabaki kulima muhogo na ndizi kwenye miteremko.

Mashamba ya Humblot na Bambao yalilisha viwanda vya ng'ambo. Vanila yataka subira: ua hufunguka asubuhi moja tu, huchavushwa kwa mkono, moja baada ya jingine, na maganda yakivunwa hutumbukizwa katika maji moto na kuanikwa kwa miezi. Maua ya mlangilangi huchumwa alfajiri, yakapikwa siku nzima kutoa mafuta ya manukato, na moto huo umekula msitu wa Ndzuwani kiasi cha kukausha mito. Hasara hiyo haikuandikwa kamwe katika bei ya mafuta. Nao mchele, chakula kinachopendwa kuliko vyote, uliletwa kwa meli.

Uhuru haukupewa hata nafasi ya kupumua. Rais Ahmed Abdallah, mfanyabiashara, alipinduliwa tarehe 3 Agosti mwaka huohuo. Kisiwa cha Maore kikabaki na Ufaransa, nayo Ufaransa ikaondoa wataalamu na misaada. Ali Soilih, aliyesomea kilimo, akashika urais mwaka 1976 akitaka nchi ijilishe. Wazo lilikuwa sahihi, ingawa vijana aliowapa mamlaka waliwatisha wakulima walewale waliohitajiwa. Mikosi nayo ikaandamana: Desemba 1976 Wakomoro waliuawa Mahajanga, Madagaska, na maelfu walionusurika wakarudi kwenye visiwa visivyo na akiba, na Aprili 1977 lava ya volkano ya Karthala ikafunika kijiji cha Singani. Mei 1978 Soilih akapinduliwa na mamluki wa Bob Denard, Abdallah akarudi madarakani, na meli za mchele zikaendelea kutia nanga.

Vanila ilibaki tegemeo, huku ladha ya viwandani ikibana soko. Kimbunga Hudah kilipoipiga Madagaska mwaka 2000, bei ilipaa, watu wakapanda vanila kwa pupa. Kufikia 2005 bei ilikuwa imeporomoka, na wengi wakaiacha mivanila na migomba yake ya kivuli bila palizi. Leo fedha zinazotumwa na Wakomoro walioko Ufaransa, hasa Marseille, huzidi mapato ya vanila, karafuu na mlangilangi yakijumlishwa, na sehemu yake hununua mchele.