Vuma, mahali mvuvi anapojifunza kukata mshipi

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini ukifika katika magenge ya Vuma, karibu na mji mkongwe wa Takaungu kusini mwa Kilifi, utaambiwa kwamba si kila cha mvunguni ni cha kuinamiwa. Mimi niliambiwa hivyo nikiwa nimeshika ufito uliopinda kama upinde, na sikupenda hata kidogo.

Nilikuwa nimefunga safari hadi Kilifi kumjulia hali dada yangu aliyeolewa huko. Mumewe ni fundi wa magari. Juma zima hushinda chini ya magari ya watu, lakini ikifika Jumamosi huwezi kumpata gereji. Huenda kuvua. Hana mtumbwi, hana wavu wala dema. Huvua akiwa amesimama juu ya mwamba, na chambo chake si kamba wala ngisi, bali ni kipande cha chuma.

"Samaki atakula chuma, shemeji?" nilimuuliza usiku huo huku nikicheka.

Hakunijibu. Alileta kopo la maziwa ya unga na kumwaga yaliyomo juu ya mkeka. Vilikuwa vyuma vya kila aina, virefu na vyembamba kama dagaa, vingine vya dukani vyenye rangi ya fedha na buluu, vingine alivyojitengenezea mwenyewe. Kimoja kilikuwa mpini wa kijiko cha mezani uliokatwa, ukatobolewa matundu mawili na kutiwa ndoana mkiani. Vingine alikuwa ameviyeyusha kutokana na vile vipande vya risasi ambavyo mafundi hubandika kwenye magurudumu ili yasitetemeke. Kila kimoja kilikuwa na uzani wa gramu 40 hadi 60 hivi.

Uzani huo una kazi yake. Mtu aliye juu ya genge hana mashua ya kumpeleka samaki waliko, kwa hivyo lazima chambo kiruke mbali na kupasua upepo. Kikishaanguka majini, mvuvi hukivuta kwa kasi, nacho humetameta na kuyumba kama samaki mdogo anayekimbia. Kolekole, nguru na mzia huwinda kwa macho. Wakiona kitu kinang'aa na kukimbia, hawangoji kukinusa. Na kwa kuwa nguru na mzia wana meno yanayokata mshipi kama wembe, kati ya mshipi na chuma hutiwa kipande kifupi cha waya.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa juu ya pikipiki, ufito umefungwa ubavuni. Tulivuka daraja la Kilifi, lile lililofunguliwa mwaka wa 1991 na kuwaondolea wasafiri adha ya feri, kisha tukaiacha barabara kuu ya Mombasa na kuingia njia ya vumbi. Huku mkonge, kule mbuyu, na harufu ya chumvi ikizidi kutujia. Takaungu tuliiacha pembeni ikiwa bado imelala. Ni mji wenye historia yake, kwani Mazrui walipopokonywa Mombasa mwaka wa 1837, baadhi yao walikimbilia hapo.

Bahari ya Vuma utaisikia kabla ya kuiona. Sehemu nyingi za pwani yetu zimekingwa na mwamba ulio mbali kidogo na ufuo, na mawimbi huvunjikia huko. Hapa mawimbi hupiga genge lenyewe. Jiwe lake ni matumbawe ya kale yaliyojengeka zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Limeliwa na maji likawa na ncha kali zinazoweza kukuchana mguu kama huna viatu madhubuti.

Nilidhani tutaanza mara moja, lakini shemeji alikaa chini, mbali na ukingo, akatazama maji. Dakika tano zikapita, kumi, ishirini.

"Tunangoja nini?" nikauliza.

"Nayahesabu," akasema. "Mawimbi hayaji sawa. Madogo yatakuja mengi mpaka uyazoee, kisha yaje makubwa mawili matatu pamoja. Usipoyangoja ukayaona yanapofika, hujui usimame wapi."

Alinieleza kwamba hata siku aliichagua. Mwezi ulikuwa nusu, kwa hivyo yalikuwa maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Kenya huweza kukaribia mita 4, na kibaraza cha mwamba kilicho kikavu maji yakipwa hugeuka kuwa bahari yakijaa. Kadhalika, ulikuwa mwezi wa Februari, majira ya kaskazi. Kusi likianza kuvuma baada ya Machi, yeye huvifungia vyuma vyake ndani ya kopo na kungoja hadi Novemba.

Jua lilipochomoza, alirusha. Chuma kiliruka kikilia hewani na kutua mbali mno. Alikiacha kizame kidogo, akaanza kuzungusha rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, kwa kasi ya kushangaza. Kitupu. Akarusha tena. Mara ya sita au ya saba ufito ukajikunja, na baada ya mvutano wa dakika chache akanyanyua kolekole wa kilo mbili hivi, mweupe anayeng'aa kama sahani mpya.

Kisha akanikabidhi ufito.

Nilirusha vibaya, nikarusha vibaya zaidi, chuma kimoja kikanasa mwambani na kupotea. Mkono ulikuwa umeanza kuuma nilipohisi pigo kama la mtu anayeninyang'anya mzigo. Mshipi ulitoka kwenye rili ukipiga yowe. Shemeji alinishika mshipi wa suruali kwa nyuma nisije nikavutwa. Nilipambana na samaki huyo hadi jasho likaniingia machoni. Hatimaye tukamwona chini yetu: kolekole mkubwa, kifua kipana, amechoka, amelala ubavu.

Hakuwa wa kunyanyuliwa kwa mshipi, ungekatika. Shemeji aliteremsha kamba yenye ndoana kubwa ya kumkwamulia, lakini samaki aliingia nyuma ya jiwe, hatukumfikia. Chini yetu palikuwa na kibaraza cha mwamba, kama hatua kumi za kushuka, kikavu kabisa. Mtu angeshuka, akamshika mkia, akapanda. Dakika moja tu.

"Shika ufito, nashuka," nikasema.

"Hushuki."

"Shemeji, yuko pale!"

Hakubishana nami. Alitoa kisu mfukoni na kukata mshipi.

Kusema kweli, nilikasirika. Nilifungua kinywa nimwambie neno ambalo hasemewi shemeji. Kabla halijatoka, maji yalipanda. Halikuwa wimbi la kutisha kwa macho, bali uvimbe tu wa bahari ulioinuka kimya, ukakifunika kile kibaraza kwa kimo cha mtu, kisha ukarudi ukikokota kila kilichokuwa juu yake. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Wa tatu ulitulowesha tuliko.

Tulirudi nyuma, tukakaa. Baada ya muda mrefu akaniambia kwamba aliwahi kuvua hapo na rafiki yake. Samaki alikuwa mkubwa, na kibaraza kilikuwa kikavu. "Tulichopata ni kofia," akasema, na hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo ana sheria zake, nami nazitoa hapa kwa faida ya msomaji atakayetaka kujaribu. Usivue peke yako. Usiipe bahari mgongo. Vaa viatu visivyoteleza na, ukiweza, jaketi la kuelea. Beba kamba ndefu iliyofungwa jerikeni tupu lenye kifuniko, la kumrushia mtu akianguka. Na usimfuate samaki chini, hata akiwa wa kulisha harusi. Chuma kitatengenezwa kingine.

Tulirudi Kilifi na kolekole wawili, yule wa kwanza na mwingine mdogo zaidi. Dada yangu aliposikia pikipiki alitoka jikoni na mikono yenye machicha ya nazi. Hakuuliza tumepata nini. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akampokea mumewe kikapu. Ndipo nilipoelewa kwamba kila Jumamosi hufanya hivyo, hesabu ya watu kwanza, samaki baadaye.

Mchana tulimla kolekole wa kupaka, amechomwa kwa makaa na kumiminiwa tui zito la nazi lenye ndimu na pilipili. Alikuwa mtamu ajabu. Yule mkubwa yumo baharini bado, na kijiko cha dada yangu mdomoni.