Saa Tisa Usiku ni ya Siku Gani?

Moscow na Lamu ziko katika ukanda mmoja wa saa. Zote mbili zimeitangulia Greenwich kwa saa tatu, na simu yangu huku Moscow huonyesha tarakimu zile zile anazoziona ami yangu akiwa barazani kwake Langoni, Lamu. Warusi walifika hapo kwa kuhangaika kidogo: mwaka 2011 walisogeza saa mbele na kuiacha huko, wakawa saa nne mbele ya Greenwich, kisha tarehe 26 Oktoba 2014 wakairudisha nyuma. Tangu hapo kompyuta haina hesabu ya kufanya kati ya miji hii miwili. Hesabu huanza watu wanapofungua midomo.

Kazi yangu ni kuandika programu inayosoma maandishi ya watu na kutoa humo tarehe na saa. Mteja anaandika kwamba mzigo umfikie kesho kutwa baada ya adhuhuri. Programu inatakiwa igeuze maneno hayo yawe mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, kwa mpangilio wa ISO 8601 ambao mifumo mingi duniani imeufuata tangu ulipotolewa mwaka 1988. Karibu maandishi yote ninayoyapokea ni ya Kirusi. Lakini kila nikiandika kanuni moja ya Kirusi najiuliza kanuni hiyo hiyo ingeandikwaje kwa lugha ya kwetu Lamu, ambako wenyewe twakuita Amu, na mara nyingi jibu linanionyesha kazi kubwa ambayo bado haijaguswa.

Nianze na Kirusi, maana kina visa vyake. Jina la mwezi likisimama peke yake ni tofauti na jina hilo hilo likiwa ndani ya tarehe. Januari ni *yanvar*, lakini tarehe tano Januari ni *pyatoye yanvarya*. Kwa miaka mingi mifumo ya Linux ilikuwa na nafasi ya umbo moja tu la jina la mwezi, kwa hiyo ama tarehe ilitoka vibaya ama kichwa cha kalenda kilitoka vibaya. Ilipotoka glibc 2.27, maktaba ya msingi ya mifumo hiyo, Februari 2018, ndipo maumbo yote mawili yakawekewa mahali pake. Siku nazo hubadilika kwa idadi: siku moja ni *den*, mbili ni *dnya*, tano ni *dney*, na ishirini na moja inarudi kuwa *den*. Saa sita u nusu mchana Mrusi huiita *polpervogo*, yaani nusu ya saa ya kwanza. Saa nane kasoro dakika tano kwake ni *bez pyati dva*, mbili bila tano, na sisi wenye kasorobo hatuwezi kulishangaa hilo. Kisha kuna *na toy nedele*, ambayo huweza kuwa wiki iliyopita au wiki ijayo. Warusi wenyewe wakiisikia huulizana.

Pamoja na ugumu wote huo, mashine inasoma tarehe za Kirusi vizuri. Maktaba za msimbo zinazotumiwa na waandishi wa programu kila mahali, kama dateparser ya Python na Chrono ya JavaScript, zina kanuni za Kirusi. Kila kanuni iliyomo humo, kuna mtu aliyekaa chini akaandika jinsi watu wanavyosema, akaweka mifano, akapima, akarekebisha. Hakuna aliyewaambia Warusi waache kusema *poslezavtra* kwa sababu kompyuta haijui kesho kutwa. Kompyuta ndiyo iliyofundishwa.

Sasa twende Amu.

Lamu iko nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti kati ya siku linalowahi na siku linalochelewa ni ya nusu saa hivi. Mahali kama hapo, kuhesabu saa kuanzia mapambazuko na tena kuanzia magharibi ni jambo la akili kabisa: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja nyingine ni ya kwanza ya usiku. Huku Moscow hesabu hiyo isingesimama hata mwezi. Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi alfajiri. Desemba huchomoza saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Saa ya kuanzia katikati ya usiku inawafaa watu ambao jua lao halina miadi. Ya kwetu inatufaa sisi, na haina upungufu wowote wa kuonewa haya.

Kwa mashine, kusoma saa ya Kiswahili si jambo gumu kama wengi wanavyodhani, mradi neno la wakati liwepo. Mtu akiandika "saa 8 mchana", hakuna saa nane nyingine ya mchana isipokuwa ile ambayo simu huiandika 14:00. Akiandika "saa 2 mchana", tunajua ametumia saa ya Kizungu, kwa sababu saa mbili yetu ni asubuhi. Neno la wakati linaikagua tarakimu. Tatizo linabaki kwenye usiku: "saa 3 usiku" ni 21:00 kwa hesabu yetu na ni 03:00 kwa hesabu ya saa ya ukutani, na zote mbili ni usiku kweli. Hapo programu iangalie dalili nyingine. Nionavyo mimi, dalili iliyo bora ni namna saa ilivyoandikwa. Kenya, mtu akiandika kwa maneno, "saa tatu usiku", karibu kila mara ni saa yetu. Akiandika 3:00 kwa nukta mbili bila neno lolote, huenda ni ya Kizungu, na programu yenye adabu inapaswa kumuuliza kabla ya kuamua.

Kukisia kuna gharama. Jamaa yetu mmoja wa kisiwa cha Pate alipokea ujumbe wa miadi ya matibabu kutoka kituo kimoja cha afya, ulioandikwa kwa Kiswahili: Jumatano, saa 2:00. Mfumo ulimaanisha saa nane mchana. Yeye akasoma saa mbili, kama mtu yeyote wa Pate angesoma, akaondoka kwao usiku kuwahi maji, akafika asubuhi na kukaa kwenye benchi hadi alasiri, na mashua ya kumrudisha ikamwacha. Aliyeandika programu ile alitafsiri maneno, hakutafsiri saa. Neno "mchana" lingetosha kumwokoa yule mama.

Ipo hifadhi kubwa ya data za lugha iitwayo CLDR, chini ya shirika la Unicode, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea kupata majina ya siku, miezi na nyakati. Kiswahili kimo, tena kwa matawi: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Humo utakuta jina la adhuhuri limeandikwa "saa sita za mchana" na la katikati ya usiku "saa sita za usiku". Nilifurahi nilipoona hivyo mara ya kwanza. Lakini tarakimu inayokwenda na adhuhuri hiyo ni 12, na saa nyingine zote hazina hesabu yetu. Waliotia maneno yale waliyajua. Mfumo wenyewe haukuwa na mahali pa kuweka saa iliyosogezwa sita.

Nyakati za Amu zina undani zaidi kwenye mpaka wa siku. Kwa wazee wetu siku mpya huingia jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, ambao kalenda ya simu huuita Alhamisi. Redio na magazeti hukwepa utata kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", maneno mazuri sana kwa mashine kwa sababu hayana tafsiri mbili. Lakini fikiria tangazo la maulidi au la arusi linalosema "usiku wa Jumatatu". Kwa mzee, saa tatu ya usiku huo ni Jumapili kwa kalenda ya simu, na saa tisa yake ni Jumatatu. Kwa kompyuta, saa tatu usiku na saa tisa usiku za Jumatatu zote ni Jumatatu, ila saa tisa inatangulia saa tatu kwa saa kumi na nane. Kwa kijana wa leo ambaye siku yake haijaisha mpaka alale, saa tatu ni Jumatatu na saa tisa ni Jumanne. Watu watatu, na hakuna aliyekosea. Mrusi hana shida ya siku kuanza jua likizama. Neno lake *sutki* hushika mchana na usiku pamoja na hugeuka saa sita usiku, basi. Programu ya Kiswahili lazima ijue inazungumza na nani, na isipojua, iseme tarehe mbili badala ya kujifanya ina hakika na moja.

Majina ya siku yenyewe nayo yanafaa kutazamwa. Kirusi huhesabu kuanzia Jumatatu, kwa hiyo *vtornik*, ya pili, ni Jumanne yetu, na *chetverg*, ya nne, ni Alhamisi. Sisi tunahesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa: mosi, pili, tatu, nne, tano. Mashine ikifundishwa kwamba wiki huanza Jumatatu kila mahali, "wiki ijayo" ya mtu wa Amu aliyeisema Jumamosi inaweza kumpeleka siku nyingi nyuma ya alipokusudia.

Halafu mwezi. Ukisikia "mwezi wa kumi na mbili", hiyo ni Desemba. Ukimsikia mtu mzima Lamu akijibu swali la "leo mwezi ngapi?" kwa kusema "mwezi kumi na mbili", anakupa tarehe ya mwezi mwandamo, na ikiwa ni Mfungo Sita, basi ni siku ya Maulidi. Herufi mbili, *wa*, ndizo zinazotenga mambo hayo mawili, na katika ujumbe wa simu watu huziacha. Miezi yetu kuanzia Mfungo Mosi baada ya Ramadhani hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani, haimo katika orodha yoyote ya miezi ya Kiswahili niliyowahi kukabidhiwa kazini. Dateparser ina sehemu ya kusoma tarehe za Hijria, jambo la kushukuru, lakini inafuata jedwali lililokwisha kukokotolewa. Lamu mwezi huandama kwa kuonekana. Wasiouona leo hukamilisha thelathini, na jedwali linaweza kuwa limewaacha nyuma kwa siku moja. Warusi wanaijua hali ya kuishi na kalenda mbili: mwaka 1918 walilala Januari 31 wakaamka Februari 14, na mpaka leo husherehekea mwaka mpya wa zamani usiku wa kuamkia Januari 14. Tofauti ni kwamba kalenda yao ya zamani haihitaji mtu kupanda juu kutazama mbingu.

Na kuna saa ya maji. Mashua za kwenda Pate hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda hauvushi chombo maji yakiwa yametoka. Muulize nahodha wataondoka saa ngapi, atakwambia maji yakijaa. Hilo ni jibu kamili. Maji husogea kama dakika hamsini kila siku, na mwenye kujua mwezi ngapi leo, na kama ni bamvua au maji mafu, anajua saa. Ami yangu hafungui simu kwa ajili hiyo. Programu nayo ingeweza kuijua: jedwali la kujaa na kupwa kwa maji lipo, tarehe ya mwezi ipo, kilichobaki ni mtu wa kuandika kwamba "maji yakijaa" ni wakati, kama vile "saa nne" ilivyo wakati. Kati ya kanuni zote nilizozitaja, hii ndiyo ningependa kuiona ikifanya kazi kabla ya nyingine, kwa sababu mizigo, wagonjwa na wanafunzi wa Faza, Siyu na Kizingitini, huko Pate, hufuata maji hayo.

Siku za mbele pia tumezipa majina, na mengine mashine hazina. Kesho kutwa imo katika CLDR. Baada yake kuna mtondo, na baada ya mtondo kuna mtondogoo, siku ya nne kutoka leo. Kirusi kwa siku ya tatu hulazimika kurudia kiambishi, *posleposlezavtra*, neno la mazungumzo. Sisi tuna maneno ya kweli, na vijana wetu wanayasahau huku simu zikiwasaidia kusahau.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlio Amu, Mombasa, Unguja, Muscat na kokote mnakosoma haya, hasa mnaojua kuandika programu: maktaba hizi ziko wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza kanuni. Andikeni sentensi za watu wenu kama wanavyozisema, na pembeni ya kila sentensi wekeni tarehe na saa iliyokusudiwa. Waulizeni wazee usiku wa Ijumaa ni upi, waulizeni manahodha, waulizeni wanaotangaza arusi. Mimi naanza na saa za usiku na mifungo tisa. Atakayechukua maji ya Mkanda aniandikie, tuyafanye pamoja.