Mvumo Ule wa Noti ya G

Umeme wa kwetu una noti yake. Unakuja kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na gitaa lisilo na kinga ukilichomeka kwenye amplifaya linavuma kwa hiyo 50, na kwa 100 juu yake, sauti inayoangukia karibu kabisa na G, ila G iliyopanda kidogo. Ndiyo maana baba mdogo akipiga wimbo wa G mvumo unajificha chini ya muziki kama mpiga besi mvivu. Akihamia F, loo, ni kama kuna mlevi anaimba nyuma yake.

Baba mdogo alipiga gitaa la rithimu katika bendi ya dansi Morogoro miaka ya 70. Si bendi mnayoijua. Bendi kubwa zilikwenda kurekodi Radio Tanzania, na leo ukitaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe unabonyeza simu tu. Bendi yao haikurekodi hata wimbo mmoja. Nyimbo saba alizotunga ziko kichwani mwake na kwenye vidole vyake, na vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kukakamaa. Asubuhi havifanyi kazi kabisa. Jioni, akishaviloweka kwenye maji ya moto, vinampa kama nusu saa.

Sasa mnaelewa haraka yangu. Gitaa nimelitengeneza mwenyewe: mwili ni mninga uliokuwa ubao wa kichwani wa kitanda, umechimbwa kwa patasi, na shingo imetoka kwenye gitaa lililovunjika. Humo humo ndimo zilimotoka pikapu mbili za koili moja moja. (Nasema pikapu kwa sababu ndivyo wanamuziki wanavyosema, ingawa Kariakoo muuzaji mmoja aliniuliza nataka ya tani ngapi.) Sauti yake ilikuwa nyembamba, kali, inayong'aa, ile ile ambayo rithimu ya dansi inaitaka. Lakini nyimbo za baba mdogo zina vituo. Anapiga, anaacha, noti inakufa taratibu, ndipo anaingia tena. Kwenye vile vituo mvumo ulikuwa unanyanyuka kama maji ya mafuriko. Programu ya kusafisha sauti kwenye kompyuta iliuondoa, ila ikaondoka pia na mkia wa kila noti.

Rafiki yangu mmoja, mpenzi mkubwa wa santuri, alisema niuache, hiyo ndiyo ladha ya zamani. Nikampelekea baba mdogo hoja hiyo.

“Ladha gani, mwanangu? Sisi tulikuwa tunavumilia. Ungenijia na dawa yake mwaka 74, ningekupa mshahara wa mwezi mzima.”

Mjadala ukaishia hapo. Wanaoupenda mvumo, naona mimi, ni wale ambao hawakulazimika kupiga juu yake.

Dawa yenyewe ni ya siku nyingi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Ubaya ni kwamba koili hiyo hiyo ni antena: inadaka uchafu wa transfoma, wa taa ya tubu, wa friji la jirani. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson kule Marekani, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili. Koili ya pili imegeuzwa mara mbili, yaani mwelekeo wa waya umegeuzwa na ncha za sumaku zimegeuzwa. Mvumo unatoka nje na haujali sumaku, kwa hiyo unageuzwa mara moja tu. Wa koili hii unakutana na kinyume chake na vyote vinakufa. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili, na hasi mara hasi tulifundishwa ni chanya. Inajumlishwa. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu chumbani. Kumbe ili uuzime uchafu inabidi uusikilize mara mbili.

Ila pikapu ya Lover ni pana. Koili zake zimelala ubavu kwa ubavu, zinasikiliza kipande kirefu zaidi cha uzi, na sauti inanenepa. Kwa roki, safi sana. Kwa rithimu ya Morogoro ni kama kumvalisha mtu koti la baridi mwezi wa kumi na mbili. Tena ningelazimika kuchimba mninga upya. Kuna za aina nyingine ambazo koili ya pili iko chini ya ile ya kwanza, ghorofa, na zinaingia kwenye tundu la pikapu ya kawaida. Koili ya juu inasikia uzi na mvumo. Ya chini, kwa kuwa iko mbali, inasikia zaidi mvumo. Ung'avu unapungua kidogo, lakini sura ya sauti inabaki. Nikaagiza mbili za hizo. Kuzisuka mwenyewe sikutaka. Hata Brian May, ambaye gitaa lake alilitengeneza na baba yake kuanzia 1963 kwa mbao za sehemu ya kuotea moto, alijaribu pikapu za kusuka mwenyewe, mwishowe akanunua za Burns.

Rangi za waya hazina sheria moja, kila kiwanda na zake. Fundi redio wa mtaani kwetu alinionyesha njia: unaunganisha pikapu kwenye mita ya zamani ya mshale, unagusisha bisibisi ya chuma juu ya sumaku, unatazama mshale umeruka upande gani. Pikapu zote mbili lazima ziruke upande mmoja, la sivyo ukizipiga pamoja sauti inakuwa ya debe tupu. Tukalehemu. Matundu niliyabandika karatasi ya alumini na kuiunganisha na waya wa ethi. Hiyo inazuia mikwaruzo, ingawa mvumo wa transfoma unapita humo kama hakuna kitu. Pikapu nimeziacha chini ya nyuzi kwa milimita mbili hivi, kwani zikisogea zaidi sumaku inavuta nyuzi na noti inayumba.

Jumamosi baba mdogo alilichukua, akafungua sauti mpaka mwisho, akangoja. Akagonga nyuzi kwa kiganja kuhakikisha limewashwa. Kisha akaupiga ule wa F, wimbo aliomtungia mama mdogo kabla hawajaoana, na alipofika kwenye kituo aliacha noti ife yote, akaingia tena amechelewa, akatukana kidogo, akaanza upya.

Tumeshapata nyimbo nne. Wa tano una kodi moja ambayo kidole cha pete hakifiki tena. Anatafuta njia ya kuipiga kwa vidole viwili, na kesho saa kumi nitachemsha maji.