Pigo Moja, Majeraha Mengi

Sisi waandishi wa magazeti tuna ugonjwa wa kuhesabu. Mei 1999, karibu na kambi ya Mtendeli, wakati huo ikiwa wilayani Kibondo, wanawake wakimbizi wa Burundi wapatao 50 walivamiwa na kubakwa porini. Human Rights Watch iliyaandika hayo katika ripoti ya mwaka 2000. Ukiifanya habari ya gazeti, inaishia hapo: idadi, mahali, tarehe. Lakini watu 50 hawaumii kwa namna moja. Kuna atakayenyamaza miaka, kuna atakayekuwa mkali kwa wanawe, na kuna atakayerudi porini kulekule kwa sababu maharage hayaivi bila kuni.

Hapo ndipo watunzi wa riwaya wanapotuzidi, ingawa nao hawalingani.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Zakaria anamcharaza binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kipigo kile kinamfuata Rosa mpaka shuleni na chuoni, na mwisho anajiua. Wengi huisoma kama onyo kwa wasichana. Mimi naisoma kama mashtaka dhidi ya baba. Hata hivyo, mzigo karibu wote kabebeshwa Rosa peke yake.

Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, kaugawa mzigo huo katika Petit Pays (2016). Rais Ndadaye anauawa Oktoba 1993, Burundi inawaka, kisha yanafuata mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Yote yanaingia katika nyumba moja. Mama anarukwa na akili baada ya kukuta maiti za jamaa zake. Ana, binti yake mdogo, anaamshwa usiku kusimuliwa aliyoyaona mama. Gaby, mtoto mpole, anashurutishwa kumchoma mtu moto. Msiba mmoja, majeraha matatu, na hakuna linalofanana na jingine.

Lakini nina kinyongo kidogo na Faye. Gaby na Ana baba yao ni Mfaransa, kwa hiyo wanapelekwa Ufaransa, na kalamu inaenda nao. Wale waliovuka mpaka kwa miguu wakaingia Kibondo na Kasulu, kalamu imewaacha njiani. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Waliozaliwa humo mwaka ule ni watu wazima leo. Mimi sijawahi kusoma riwaya ya Kiswahili inayomfuata hata mmoja wao, wala Muha aliyewapokea shambani kwake.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sawa, ila mwingine hashtuki, anachoma shamba zima. Kazi ya mtunzi ni kutuonyesha nani ni nani.

Watunzi mpo? Kama kitabu hicho kipo, nitajieni jina nikitafute.