Ambu Haifungiwi Kabatini

Jumatatu, 3 Juni 2024

Baridi ya Juni imeishika Lubumbashi. Asubuhi hii hata mlinzi wa lango la hospitali alikuwa amejitanda kitenge cha mkewe juu ya koti. Nilimpita, kisha nikarudi kumwita darasani.

"Mama, hata mimi?"

"Wewe kwanza, Papa. Watu huangukia langoni kabla munganga hajawaona."

Tumekuwa kumi na wanane: wauguzi, wakunga, kijana wa maabara, akina mama wawili wa usafi, na yeye. Sikuanza kwa kufundisha. Nililaza manekeni sakafuni nikawaambia: huyu ameanguka sasa hivi, haitiki, hapumui. Muuguzi mmoja akakimbilia kipima presha. Wa pili akauliza fishi ya mgonjwa iko wapi. Wa tatu akatoka kumtafuta munganga. Saa yangu ilipita dakika mbili bila mkono hata mmoja kugusa kifua, nao ubongo haukai dakika nne au tano bila damu kabla haujaanza kuharibika. Hawa si wavivu wala si wajinga. Wengine wana miaka ishirini kazini, na mshipa wa mtoto wanaupata gizani. Ila moyo uliosimama waliusoma ubaoni tu, wakaufanyia mtihani, wakaenda zao.

Jumanne, 4 Juni

Leo tumeshughulika na mikono. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kandamiza mara 30, pumzi mbili, rudia. Baada ya dakika mbili mwenzako akupokee, maana mikono ikichoka hushuki tena vya kutosha, na mwenyewe hujui.

Nguvu wanazo. Walichokosea wengi ni kuegemea kifua bila kukiachia. Kifua kisipopanda, moyo haujai damu, na moyo usiojaa hauna cha kusukuma. Nimeeleza mara tatu kwa maneno ya kitabu, nikatazamwa tu. Mama wa usafi ndiye aliyetufungulia: "Si ni kama kutwanga sombe? Mchi usipouinua, unatwanga nini?" Ukumbi ukaangua kicheko, na mikono ikabadilika pale pale. Siku hizi wengi hapa mjini wanapeleka sombe, majani ya muhogo, mashineni, lakini mikono ya akina mama wa komuni za Katuba na Kenya bado inakijua kinu. Nimeandika neno lake ubaoni na nitalitumia katika kila darasa.

Alhamisi, 6 Juni

Mkunga kijana ameniuliza uso wa manekeni ni wa nani, mbona unaonekana kama mtu aliyelala. Nikawasimulia. Inasemekana kwamba mwishoni mwa karne ya 19 msichana asiyejulikana aliopolewa kutoka mto Seine, Paris, na sura yake ikachukuliwa kwa plasta. Miaka mingi baadaye Asmund Laerdal, mtengenezaji wa wanasesere wa Stavanger, Norwe, mtu ambaye aliwahi kumwopoa mwanawe mdogo majini, alipotakiwa kutengeneza mwili wa kufundishia, akauchagua uso ule. Manekeni yake ilitoka mwaka 1960, mwaka wa uhuru wetu. Mwaka huohuo watafiti wa Baltimore walichapisha matokeo yao: moyo waweza kusukumwa kwa viganja viwili juu ya kifua, bila kukipasua.

Ukumbi ulinyamaza. Mkunga akachukua kitambaa chenye spiriti, akaupangusa uso ule polepole, paji, mashavu, midomo, kama anavyompangusa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Hakuna aliyeiita plastiki tena.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya posho, kama wazee wa hapa wanavyoiita. Delestaji saa nne asubuhi, umeme umekatwa; tumesogea dirishani tukaendelea. Ambu, mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa kwa kuuminya, haina waya. Mwaka 1952 polio ilipoukumba mji wa Copenhagen, wanafunzi wa udaktari walikaa kando ya vitanda vya wagonjwa usiku na mchana wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono yao. Miaka minne baadaye, hukohuko Denmark, ukatoka mfuko huu unaojijaza wenyewe. Kwetu, ambako umeme huaga bila kubisha hodi, sijui kifaa kinachotufaa zaidi.

Niandike na hili, nimelibeba muda mrefu. Katika hospitali niliyoanzia kazi, baba mmoja aliyekuwa akingoja ordonansi ya mkewe aliporomoka kutoka benchi la koridoni. Ambu ilikuwepo. Mpya, ndani ya kabati la kioo, kabati limefungwa, funguo kwa mkubwa wa zamu, mkubwa wa zamu mkutanoni. Nilisimama mbele ya kioo nikiiangalia. Sikukivunja. Ningeweza kukandamiza kifua chake muda wote ule, mikono nilikuwa nayo, lakini hakuna aliyekuwa amenifundisha. Alikuwa amevaa kiatu kimoja alipofunikwa shuka. Kile kingine kilibaki chini ya benchi.

Jumatano, 3 Julai

Vyeti vimetolewa, picha zimepigwa, wakubwa wameridhika. Wanasema tukutane tena mwakani. Nimekataa, kwa heshima, lakini nimekataa.

Nimewaeleza habari za Haydom, hospitali ya Walutheri mkoani Manyara, Tanzania. Mwaka 2010 walifundisha watumishi wao kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Baada ya miezi saba walipimwa: kwenye manekeni walikuwa hodari, ila katika chumba cha kuzalia kazi ilikuwa ileile ya zamani. Basi wakayaleta mafunzo wodini kwenyewe, dakika tatu hadi tano kila wiki, na kikao kirefu zaidi kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto elfu moja. Nimeomba vitu viwili tu: manekeni isirudi stoo, na ambu itolewe kabatini. Wamekubali.

Jumatatu, 9 Septemba

Usiku wa Ijumaa mzee mmoja aliangukia langoni. Mlinzi alipiga magoti, akaita kwa sauti, akaanza. Hakuacha mpaka wauguzi walipotoka mbio na ambu, wakapokezana. Mzee hakurudi.

Leo mlinzi amenifuata. "Mama, nilikosea wapi?"

"Mchi uliuinua?"

"Niliuinua."

"Basi hukukosea, Papa."

Nimemwambia kweli yote: hata kwenye hospitali zenye mashine ya kushtua moyo kila koridoni, wengi hawarudi. Akanieleza kwamba mtoto wa marehemu alikuja asubuhi, akamshika mikono yote miwili bila kusema kitu, akaondoka.

Ambu sasa inaning'inia ukutani kwenye msumari, karibu na mlango wa wodi, bila kufuli. Kesho ni Jumanne. Kabla ya kupokezana zamu manekeni itakuwa sakafuni, dakika tano kama kawaida. Mlinzi ameomba aanze yeye.