Fundi wa Saa Kuukuu

Anunuaye saa mpya hupewa pamoja nayo cheti cha muuzaji, muda wa dhamana na anwani ya mahali pa kuirudisha ikiharibika. Anunuaye saa iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine aghalabu hapewi kitu ila saa. Mikono iliyoifungua, maji yaliyoiingia na mafuta yaliyotiwa ndani yake, yote hayo yamefichwa chini ya mfuniko. Kwa hiyo, siku saa hiyo inapohitaji kusafishwa, mwenyewe hukabiliwa na jambo kubwa kuliko bei: hana budi kuchagua mtu wa kumwamini katika kazi asiyoweza kuiona ikifanywa, wala kuikagua ikiisha. Nataka kueleza jinsi nilivyochagua mimi, mkazi wa Ipogolo, kwa kuwa naona katika uchaguzi huo mna somo lipitalo mambo ya saa.

Ipogolo iko chini ya kilima kilichobeba mji wa Iringa, mahali ambapo njia ya kupanda mjini huachana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma. Mto Ruaha Mdogo hupita karibu, na malori ya masafa hupita usiku na mchana. Wakati wa kiangazi vumbi hutanda juu ya kila kitu, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya nyanda za juu huingia hata mifukoni. Vumbi ni adui wa saa, na baridi huyafanya mafuta yake kuwa mazito. Mtu akitaka tairi la lori hapa hukosa kwa nadra. Akitaka kamani ya saa ya Uswisi, hana budi kukaa akafikiri.

Saa ninayoisema ni Omega ya chuma, ya aina ijitiayo ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Niliinunua kwa mzee mmoja wa mjini aliyehitaji ada ya mjukuu wake. Baba yake mzee huyo alitunukiwa saa hiyo alipostaafu kazi, na nyuma ya mfuniko limechorwa jina lake na mwaka 1966. Bei yake ilikula mshahara wangu wa miezi mitatu. Tulipopatana, mzee aliishika tena kwa muda, akasema, "Mwalimu, saa nakuuzia. Jina lililo nyuma yake nakuwekea amana." Nikamwahidi kwamba mjukuu wake akipata kazi, naye akiitaka, nitamrudishia kwa bei ile ile. Tulipeana mikono, na hatukuandikiana kitu.

Haikupita miezi mingi saa ikaanza kuchelewa dakika kumi na mbili kwa siku. Rafiki zangu waliniuliza ninasumbukia nini. Sisi Waswahili, walisema, tumezoea kuisoma saa kinyume: akrabu ikionyesha kumi na mbili, sisi twasema saa sita, basi mtu awezaye kuvumilia tofauti ya saa sita hashindwi na dakika kumi na mbili. Mzaha ulikuwa mzuri, lakini tofauti ya saa sita ni ya hesabu tu, wala haimli mtu chuma chake. Saa inayochelewa kwa sababu ya ukavu hujila yenyewe. Mtambo wa Omega uitwao 552, ambao ndio uliomo katika saa hii, hupiga mapigo 19,800 kwa saa moja; hayo ni mapigo 475,200 kwa siku, na zaidi ya milioni 173 kwa mwaka. Ncha za magurudumu yake ni nyembamba mno, nazo huzunguka ndani ya vito vilivyotobolewa, katika tone la mafuta lisiloonekana kwa jicho. Mafuta yakikauka, vumbi la chuma huchanganyika na mabaki yake, na kilichokuwa kilainisho huwa tupa. Ndiyo sababu saa ya namna hii hupaswa kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka michache, hata ikiwa bado inakwenda. Kungoja isimame ni kungoja ihitaji vipuri.

Njia zilizokuwa mbele yangu zilikuwa nne.

Ya kwanza ilikuwa kuirudisha kwa waliyoiunda. Omega ilianzishwa na Louis Brandt mwaka 1848 huko La Chaux-de-Fonds, na tangu mwaka 1880 makao yake yako Bienne. Hapana shaka kwamba huko kuna vipuri na maarifa. Lakini gharama ya kuipeleka, kuilipia bima na kuipitisha forodha mara mbili ingekaribia bei ya saa yenyewe. Tena kiwanda hupenda kazi yake irudi ikifanana na mpya. Nami sikuwa na haja ya mpya.

Ya pili ilitoka kwa rafiki yangu mwenye ndugu huko Muscat, mmoja katika wale watu wa Oman ambao nyumbani kwao Kiswahili hakijakoma kusemwa. Alisema ndugu yake angeichukua na kuipeleka mahali pa kuaminika. Alipokuwa akinishawishi alinisimulia habari iliyonifunza jambo kinyume cha kusudi lake. Katika miaka ya 1970 Sultani Qaboos, aliyetawala Oman tangu mwaka 1970 hadi 2020, alikuwa akiwatunukia watu saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni, ambayo ni nembo ya nchi ile. Leo watafutaji wa saa kuukuu huzinunua kwa bei kubwa kuliko wenzao wasio na alama. Nilijiuliza: mwenye saa ya namna hiyo akiipeleka kutengenezwa, na mtengenezaji akauona uso umekwajuka akautia mpya, itakuwaje? Saa itakwenda barabara, na kile kilichoitofautisha na nyingine kitakuwa kimetupwa pipani. Nikafahamu kwamba fundi aweza kuwa hodari na mwaminifu, na bado akaharibu, ikiwa hakuambiwa ni kitu gani kisichoguswa. Saa yangu haikuwa na jambia, lakini ilikuwa na jina. Maneno yapitayo mikono mitatu kabla ya kumfikia fundi hupungua njiani.

Ya tatu ilikuwa duka kubwa la Dar es Salaam, ambalo sitalitaja. Niliwapigia simu. Aliyejibu alikuwa na adabu, naye hakuuliza mtambo gani, wala saa imefunguliwa lini, wala imepata maji au la. Alisema tu, "Ilete, utaipata kama mpya, tutaing'arisha pia." Kung'arisha ni kukwangua. Kila mara chuma kinapong'arishwa, unyoya wake mmoja huondoka. Kingo zake hupoteza ukali, na maandishi yaliyochorwa juu juu hufifia. Yeye aliniahidi kwa furaha kitu kile kile nilichokuwa nikikiogopa.

Ya nne ilikuwa fundi wa mjini Iringa, mwenye meza ndogo yenye kioo, chini ya baraza. Nakiri hili kuwa ni tabia ya watu wa zama zetu: tunapokuwa na kitu cha thamani, fundi aliye karibu huwa wa mwisho kufikiriwa. Umbali umekuwa kwetu cheti cha ustadi. Fundi akiwa ng'ambo ya bahari twamwita mtaalamu. Akiwa ng'ambo ya barabara twamwita fundi baraza. Nilipanda mji siku ya Jumamosi.

Nilimwamkia kwa "Kamwene," akaitika, akaninyoshea mkono bila kuuliza bei niliyonunulia. Aliufungua mfuniko kwa kifaa chake cha kushika pembe, si kwa bisibisi. Akavaa kioo chake jichoni, akatazama kimya kwa muda mrefu.

"Mafuta yamekauka," alisema. "Na hapa pana mkwaruzo. Kuna mtu aliyeifungua zamani kwa haraka. Ninyi mlipoinunua, mliambiwa?"

"Hatukuambiwa, fundi."

"Basi sikiliza, mwalimu. Saa za betri na za ukutani ni kazi yangu. Hii naweza kuifungua na kuifunga. Lakini sina mashine ya kupimia mapigo, na mafuta niliyo nayo ni ya aina moja. Hii yataka aina tatu au zaidi, mengine mepesi, mengine mazito. Nikiiosha kwa petroli na kuitia mafuta yangu, itakwenda, nawe utanishukuru. Baada ya mwaka utakuja kunilaumu, nami nitakuwa nimekwisha kula fedha yako."

Nikamwuliza kama angenishauri kuipeleka katika lile duka kubwa. Akacheka kidogo. "Duka halitengenezi saa. Mtu ndiye atengenezaye. Uliza mtu." Akaniandikia kwenye kipande cha boksi jina la mzee mmoja wa Dar es Salaam aliyemfundisha kazi, akaifunga saa yangu, akakataa malipo.

Nimeyafikiri sana maneno yale. Fundi yule alikuwa na haja ya fedha, na mbele yake alikuwa mtu asiyejua, mwenye fedha mkononi. Hakuna aliyemshuhudia ila mimi, nami nisingeweza kumhukumu. Katika hali hiyo alisema, "Hii siiwezi." Neno hilo si upungufu wa ujuzi, bali ni sehemu ya ujuzi iliyo ngumu kupita zote; kwa maana ili mtu ajue mahali kazi yake inapokoma, hana budi kuijua kazi yote, hata ile asiyoifanya. Muuza duka aliyesema "itakuwa kama mpya" hakuwa na mpaka, kwa kuwa hakuwa na nchi.

Tena ni haki kusema kwamba umaskini wa meza ile si umaskini wa akili. Milango mingine imefungwa kwa nje. Mwishoni mwa mwaka 2015 Swatch Group, kampuni ambayo Omega ni mali yake, ilikoma kuwauzia vipuri wauzaji wa jumla huko Ulaya waliokuwa wakiwapatia mafundi huru, na jambo hilo likazaa kesi mahakamani. Ikiwa fundi wa Uingereza, aliye jirani na viwanda, alijikuta akitafuta kipuri katika saa mbovu za zamani, wa Iringa afanyeje? Twamcheka kwa kukosa kitu alichonyimwa.

Likizo ilipofika nilisafiri mwenyewe, zipatazo kilomita 500, saa ikiwa mfuko wa ndani wa koti. Mzee niliyeelekezwa hufanyia kazi chumbani kwake, bila ubao mlangoni. Nilikuwa nimejiandalia maswali matatu: Utafanya nini? Kipuri kikihitajika, utakitoa wapi? Na utanirudishia nini? Aliyajibu yote kabla sijamaliza kuyauliza. Angeufungua mtambo wote, auoshe, autie mafuta, aupime katika namna mbalimbali za kulala na kusimama. Kipuri kikihitajika angeniita kwanza. Na kila alichokitoa angenirudishia katika karatasi. Juu ya mfuniko hakusubiri nimwambie, alikipitisha kidole chake juu ya jina lile, akasema, "Hapa sipagusi."

Alikaa nayo wiki tatu. Ilipungukiwa na kamani tu, naye akaipata katika saa nyingine ya mtambo ule ule. Leo inachelewa sekunde zipatazo kumi kwa siku, na jina linasomeka kama lilivyosomeka siku niliyoinunua. Kamani ya zamani ninayo ndani ya bahasha, pamoja na kile kipande cha boksi. Mjukuu akija kuidai saa, nitampa vyote.

Najua kwamba msomaji aliye mbali na Iringa hatamhitaji fundi wangu. Lakini kila mtu ana kitu asichoweza kukifungua mwenyewe: mwili wake anapougua, shauri lake anapodhulumiwa, mtoto wake anapompeleka shule. Katika yote hayo twanunua kazi tusiyoiona. Kanuni niliyoipata ni nyepesi kuitaja, ijapokuwa si nyepesi kuifuata: usianze kwa kuuliza nani ana duka kubwa, wala nani yuko mbali, anza kwa kumtafuta mtu aliye tayari kukuambia asichokiweza, kisha mwulize yeye amwaminiye ni nani. Fundi wa barazani hakuigusa kazi ya saa yangu, wala hakupata hata senti moja kwayo; na hata hivyo, nikiulizwa ni nani aliyeiokoa, namtaja yeye kwanza.